Siku stoo yetu ilipokuwa na mifuko 18,446,744,073,709,551,615 ya simenti

Simu iliingia saa mbili asubuhi Jumatatu, hata mswaki sijapiga. Ni mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, nilimtengenezea programu ya stoo mwaka juzi, na mama huyu hapigi simu asubuhi kama mambo yako sawa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hebu njoo dukani, hii kompyuta yako imeingiwa na shetani." Ikiharibika inakuwa kompyuta yangu, ikifanya kazi ni yake, hilo nimeshalizoea.

Nafika nakuta kijana wa kaunta anacheka peke yake. Kwenye skrini, mstari wa simenti, sehemu ya mifuko iliyopo, imeandikwa 18446744073709551615. Na stoo yenyewe naiona kwa macho, mlango uko wazi, hamna hata mfuko mmoja, kuna vumbi na paka kalala. "Kaka tumetajirika," kijana ananiambia.

Kosa lilikuwa langu, naomba niseme mapema. Wakati naandika ile programu nilijiambia simenti haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo nikachagua aina ya namba isiyojua hasi, ya biti 64. Sasa Jumamosi jioni kumbe kuna mzigo ulishushwa ukauzwa wote kabla kijana hajauingiza vizuri, akauruka mfuko mmoja. Programu ikafika sifuri, kikauzwa kimoja tena. Sifuri toa moja. Namba isiyojua hasi inafanya kama ile mita ya pikipiki za zamani, ya tarakimu za kuzunguka: ikiwa 00000 ukairudisha nyuma hatua moja inakusomea 99999. Kwenye kompyuta tarakimu ni 0 na 1 tu, na viduara vya kuzunguka viko 64, basi vyote 64 vikageuka kuwa 1. Ukivisoma kwa lugha yetu ya kawaida ndo hiyo namba, mbili kipeo cha 64 toa moja.

Na sehemu ya thamani ilikuwa inachekesha zaidi. Mfuko niliuwekea 16,500, na skrini inasema mali yote ni shilingi 18,446,744,073,709,535,116. Yaani kila mfuko unatoka chini ya shilingi moja! Lakini ukiangalia vizuri kompyuta haijakosea hata kidogo kwa sheria zake yenyewe, kwa sababu kwenye ulimwengu wa biti 64 ile namba kubwa ndo hasi moja, ni hasi moja iliyovaa suti. Izidishe kwa 16,500 unapata hasi 16,500 na yenyewe imevaa suti yake. Ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 1 kamili, kama hasi moja inavyotakiwa.

Mama hakujali suti. Alichotaka kujua ni kitu kimoja. "Hiyo namba inasomwaje?"

Nikaanza kusoma, bwana. Kwintilioni kumi na nane, kwadrilioni mia nne arobaini na sita, trilioni mia saba arobaini na nne, bilioni sabini na tatu, milioni mia saba na tisa, laki tano, elfu hamsini na moja, mia sita na kumi na tano. Akanisikiliza mpaka mwisho na uso umekazwa kabisa, afu akasema, "Hapo kwenye laki tano ndo nimekuelewa."

Nilirekebisha mambo ndani ya nusu saa, mistari miwili tu, nikaweka na kizuizi mtu asiweze kuuza kisichokuwepo. Ila nilitakiwa kusubiri lori lenye mzigo mpya ili nione kama linaingia vizuri kwenye mfumo, na madereva si unawajua, "niko hapa karibu" ya dereva ni masaa matatu. Nikachukua karatasi ya nyuma ya delivari, nikaiandika ile namba juu, nikaanza kuitafutia vigawo. Sina sababu ya maana, wengine wakisubiri wanacheza gemu kwenye simu, mi napenda kuzivunja namba.

Mwanzo ni mteremko. Inaishia na 5 kwa hiyo 5 inaingia. Jumlisha tarakimu zote unapata 87, na 87 inagawika kwa 3, basi 3 nayo inaingia. Toa hizo mbili unabaki na 1,229,782,938,247,303,441. Nikajaribu 7, ikakataa. 11 ikakataa, 13 ikakataa. 17 ikaingia, sikuamini, nikarudia. Inabaki 72,340,172,838,076,673. Hapo mkono umeshaanza kuuma, kugawanya kwa njia ndefu namba ya tarakimu 17 sio mchezo na karatasi yenyewe ni nusu, nikatoka nje kupunga upepo.

Mbele ya duka kuna baraza ya wazee wa bao. Wapo kila siku, nadhani wangekuwepo hata kama duka lingehamishwa. Nikakaa na karatasi yangu, mzee mmoja akaniuliza kama hizo ni namba za bahati nasibu. Nikamwambia hapana mzee, ni hivi, chukua kete moja weka shimo la kwanza, mbili shimo la pili, nne la tatu, nane la nne, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Namba hii ni jumla ya kete zote mpaka shimo la 64. Akaniangalia kwa huruma. "Fundi, bao lina mashimo 32. Kete ndo 64." Nikamwambia basi tuweke mabao mawili.

Na hapo ndo nikaona kitu. Hii njia niliifahamu tangu shule, tofauti ya vipeo vya pili na nini na nini, lakini sikuwahi kuiona imelala mbele yangu kwenye mbao.

Chukua mabao mawili uyapange, la kwanza mashimo 32, la pili mashimo 32. Shimo la kwanza la bao la pili lina kete mara 4,294,967,296 ya shimo la kwanza la bao la kwanza, manake umeongeza mara mbili-mbili hatua 32. Shimo la pili kwa la pili hivyo hivyo, la tatu kwa la tatu hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo bao la pili lote ni bao la kwanza mara 4,294,967,296. Ukijumlisha mabao yote mawili ni bao la kwanza mara 4,294,967,297. Umeshaivunja vipande viwili na hujagawanya kitu!

Sasa bao moja nalo lina pande mbili, upande wako na upande wa mwenzio, mashimo 16 kwa 16. Upande mmoja una kete 65,535, na upande wa pili ni huohuo mara 65,536, basi bao zima ni 65,535 mara 65,537. Upande una safu mbili za nane nane: safu moja ni 255, upande ni 255 mara 257. Nusu safu ni mashimo manne, 15, basi safu ni 15 mara 17. Nusu ya hiyo ni mashimo mawili, 3, na manne ni 3 mara 5. Umefika chini.

Yaani mabao mawili ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297. Nilichokuwa napigana nacho kwa kalamu nusu saa kimekuja chenyewe kwa kukata ubao katikati, afu katikati, afu katikati. Mzee akasema mbona hizo namba zinakua kwa kuruka namna hiyo, nikamwonyesha: 2 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe ni 4, 4 kwa 4 ni 16, 16 kwa 16 ni 256, 256 kwa 256 ni 65,536, hiyo kwa hiyo ni 4,294,967,296, na hiyo tena kwa hiyo tayari uko kwenye shimo la 65, hatua sita tu. Ongeza moja kila kituo unapata vile vipande. Kituo cha kwanza kabisa ni 2 yenyewe, ongeza moja ni 3.

Njia hiyo ya kuzidisha namba yenyewe kwa yenyewe ili usitembee shimo kwa shimo ni ya zamani mno. Msomi Al-Biruni aliitumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1000 hivi kuhesabu nyumba za sataranji (chesi), na akatoa jibu sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Hadithi ya sataranji nadhani wengi mmeisikia, mzee mmoja wa India anaitwa Sissa kamtengenezea mfalme mchezo, mfalme kasema omba chochote, jamaa kaomba punje moja nyumba ya kwanza, mbili ya pili, mpaka ya 64. Mfalme akacheka, afu wahasibu wake wakarudi na nyuso zimewashuka. Ibn Khallikan kaiandika karne ya 13. Lakini mi ninayempenda ni Al-Masudi wa Baghdad, ambaye karne ya 10 kaitaja namba hiyohiyo kwenye kitabu chake akizungumzia Wahindi na sataranji, na huyu Al-Masudi ndo yuleyule aliyesafiri mpaka pwani yetu, kafika Kanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanakiweka Pemba. Kutoka hapa Tanga ukitazama baharini Pemba iko huko mbele tu. Naifikiria sana hiyo, kwamba kuna mtu alishakanyaga mchanga wa huku kwetu miaka elfu na zaidi iliyopita, na kitabu alichokuja kukiandika kina namba iliyotokea kwenye skrini ya duka la simenti.

(Kama mtauliza ni mchele kiasi gani: ukichukua punje moja kuwa miligramu 25, ni tani kama bilioni 461. Mpunga wote unaovunwa duniani kwa mwaka ni chini ya tani bilioni moja. Mfalme alikuwa anadaiwa mavuno ya miaka zaidi ya 500 ya dunia nzima.)

Tatizo ni kwamba wanaosimulia hadithi ya Sissa wote wanaishia hapo, kwenye ukubwa. Lo, kubwa! Basi. Na mi nilivyokaa pale barazani nikawa naona ukubwa ndo kitu cha kijinga kuliko vyote kwenye hii namba. Kubwa zipo nyingi, andika tarakimu zozote 20 unayo kubwa. Cha ajabu ni kwamba hii inakubali kupasuliwa kama kuni kavu, pande kwa pande, mpaka unafika kwenye kipande kimoja kinachogoma.

Hebu tuviangalie hivyo vipande. 3 ni tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 5 tasa. 17 tasa. 257, jaribu mpaka 13 hakuna kinachoingia, tasa. 65,537 inahitaji uvumilivu lakini nayo ni tasa, tena hiyo unaitumia kila siku bila kujua, ni namba inayopendwa sana kwenye kufuli za usimbaji za mitandaoni. Tano mfululizo zote tasa. Sasa wewe ungekuwa ndo unaziona kwa mara ya kwanza, ya sita ungesemaje?

Ungesema kama alivyosema Pierre de Fermat. Huyu alikuwa mwanasheria wa Toulouse kule Ufaransa, hesabu alizifanya kama mi ninavyozifanya, kwa kupenda, tofauti ni kwamba yeye alikuwa bingwa. Mwaka 1640 akawa anawaandikia wenzake barua kwamba anaamini namba zote za mtindo huu ni tasa, ingawa akakiri uthibitisho hana. Ya sita ni 4,294,967,297. Na watu wakaibeba hivyo karibu miaka mia.

1732, mwanahisabati Leonhard Euler akiwa St. Petersburg akatoa jibu: 641 mara 6,700,417.

Nilipofika hapa nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nafikiri zamani kwamba Euler alikaa akagawanya kwa 3, 7, 11, 13, mpaka akachoka akafika 641. Wala. Njia aliyokuja kuieleza mwenyewe baadaye inaanza kwa kuthibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba ile lazima ukikigawanya kwa 64 kibaki 1. Basi orodha inakuwa 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa zisizo tasa unabaki na tano tu: 193, 257, 449, 577, 641. Majaribio matano! Ya tano imo. Kinachoniuma ni kwamba silaha ya kupata hiyo orodha inatoka kwenye kanuni ya Fermat mwenyewe, aliitaja mwaka huohuo wa 1640. Alikuwa na ufunguo mfukoni kasimama mlangoni anasema mlango haufunguki. Karatasi moja tu angeandika, angejijua kakosea.

Kuna na njia ya kuonyesha 641 inaingia bila kugawanya kabisa, na hii niliwaonyesha wale wazee, wawili walinifuata mpaka mwisho na mmoja akasinzia. Inategemea bahati moja ya 641, kwamba unaweza kuiandika namna mbili: ni 640 + 1, na ni 625 + 16. Sasa fanya hesabu ya mabaki, yaani kila kitu unakigawanya kwa 641 unaangalia kilichobaki tu. 640 imepungukiwa moja ili itimie, kwa hiyo iite hasi moja. 640 ni 5 mara 128, na 128 ni mbili kipeo cha 7. Chukua nne za hiyo 640 uzizidishe zenyewe kwa zenyewe: hasi moja nne zikizidishana zinarudi kuwa 1. Upande wa pili inakuwa 625 mara mbili kipeo cha 28. Lakini 625 imepungukiwa 16, iite hasi 16, na 16 ni mbili kipeo cha 4. Nne na ishirini na nane ni thelathini na mbili. Basi hasi ya mbili kipeo cha 32 inabaki 1, maana yake mbili kipeo cha 32 ukiongeza 1 inabaki sifuri. Imeisha. Mzee aliyekuwa ananifuata akauliza, "Sasa nani aligundua kwamba 641 ni 625 na 16?" Nikamwambia mzee hilo ndo swali lenyewe, ukiniuliza mi naona kila uthibitisho mtamu una kitu kimoja cha aina hiyo ambacho mtu alikiona tu.

Inasimuliwa pia kuna mtoto wa Kimarekani, Zerah Colburn, alizaliwa 1804, baba yake alimtembeza kumwonyesha watu kwa kipaji cha hesabu za kichwani, na alivyofika London akiwa na miaka kama minane wakampa hiyo 4,294,967,297 akawatajia 641. Sijui nisikitike au nishangilie.

Kwa hiyo jibu kamili la karatasi yangu ni 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417. Namba tasa saba, kila moja imeingia mara moja tu, hakuna iliyojirudia. Na kwa kuwa kila moja unaweza ukaichukua au ukaiacha, ina vigawo 128 kamili. Yaani ningeweza kugawa ile mifuko hewa ya simenti kwa njia 128 bila kupasua mfuko. Na zile za mtindo wa Fermat? Baada ya tano za mwanzo hakuna iliyowahi kupatikana tasa tena. Kuanzia hiyo ya Euler mpaka ile yenye kipeo kinachotokana na mbili kuzidishwa mara 32, zote zimethibitishwa sio. Jamaa alitabiri zote ni tasa, na inaonekana amepatia zilezile alizoziona.

Lakini bao moja, lile la kwanza, lina siri yake peke yake na hii ndo ilinifanya nisahau lori. Jumla ya bao moja ni 4,294,967,295, na hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, zile tasa tano za Fermat zote na si kingine. Machi 1796 kijana wa miaka 18, Carl Friedrich Gauss, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa unaweza kulichora kwa rula na bikari tu, kitu ambacho tangu Wayunani hakuna aliyekiweza. Kwa nini 17? Kwa sababu ni tasa ya mtindo wa Fermat. Baadaye akaonyesha kwamba ukizidisha tasa za namna hiyo, kila moja mara moja, umbo la pande hizo linachoreka, na mwaka 1837 Pierre Wantzel akakamilisha kwamba kwa pande witiri (zisizogawika kwa mbili) hakuna nyingine zinazowezekana. Sasa tasa hizo tunazozijua ni tano tu, kwa hiyo umbo la pande witiri nyingi kuliko zote ambalo tunajua linachoreka kwa rula na bikari lina pande 4,294,967,295. Bao moja lililojaa! Najua ni sadfa, waliochonga bao hawakuwa na habari na Gauss, safu nne mara nane inakuja 32 basi. Lakini nilimwambia mzee akalipapasa bao lake kama anaangalia mtu amemwekea kitu.

Kuna Mjerumani anaitwa Hermes aliyekaa miaka kama kumi anaandika hatua za kuchora lile la pande 65,537, akamaliza 1894, makaratasi yake yamehifadhiwa Göttingen mpaka leo. Ukilichora hata ukutani macho yako yataona duara tu. Miaka kumi.

Sasa nirudi kwenye jambo la ukubwa, maana kijana wa kaunta alikuja na yeye akakaa, akasema kwa hiyo namba ikiwa kubwa inakuwa ngumu kuivunja. Nikamwambia hapana, angalia majirani zake. Yetu ni mashimo 64. Punguza matatu, acha 61. Hiyo 61 ni tasa, huwezi kuikata katikati, na jumla yake, 2,305,843,009,213,693,951, inagoma kabisa: ni namba tasa, kasisi mmoja wa Urusi, Pervushin, aliithibitisha 1883. Ongeza matatu badala yake, mashimo 67. Nayo 67 ni tasa, haikatiki. Jumla ni 147,573,952,589,676,412,927, mara nane tu ya yetu. Mfaransa Édouard Lucas 1876 alithibitisha hiyo si tasa, lakini kwa njia ambayo haikutajii vigawo hata kimoja, unajua kwamba inavunjika ila hujui wapi, kama mtu anakwambia ndani ya nyumba hii kuna hela afu anaondoka. Mpaka Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati New York, Frank Nelson Cole akaenda ubaoni, hadithi inasema hakutamka neno, akahesabu upande mmoja mbili kipeo cha 67 toa moja, upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, majibu yakalingana akarudi kukaa, watu wakapiga makofi. Alipoulizwa ilimchukua muda gani inasemekana alijibu Jumapili za miaka mitatu.

Na jirani wa karibu kuliko wote, ile inayopatikana ukiongeza 2 tu kwenye namba yetu, yaani mbili kipeo cha 64 jumlisha moja, ndo ya saba kwenye orodha ya Fermat. Tofauti ya mifuko miwili! Hiyo ilisubiri mpaka 1880, Fortuné Landry, mzee aliyekuwa ameshavuka miaka 80, akatoka na 274,177 mara 67,280,421,310,721. Yetu nilikuwa naivunja barazani kwa kukata bao nusu nusu, jirani yake anahitaji mtu aliyezeeka na namba. Na Lucas huyohuyo 1883 alikuja kutoa ule mchezo wa visahani na vijiti vitatu, ambao hadithi yake ina visahani 64, na kuvimaliza hivyo unahitaji hatua, ukihesabu, 18,446,744,073,709,551,615. Hatua moja kila sekunde ni miaka bilioni 584 hivi. Namwambia kijana akaniuliza kama mchezo huo upo kwenye simu.

Wazee wakaamua kujaribu wenyewe. Wakaomba mchele kwa mama ntilie wa jirani, nusu kilo, wakaanza kuweka punje kwenye mashimo. Mpaka shimo la nane walikuwa wanacheka. La tisa ni 256, la kumi 512, hapo wakaanza kugombana nani kahesabu vibaya, la kumi na moja ni 1,024 na mchele umeanza kumwagika kwenye shimo la jirani. Wakasimama hapo. Mashimo 11, bado 21, na bao la pili halijaguswa. Mama ntilie akaudai mchele wake, na kweli wakaanza kuutoa punje kwa punje kwenye mashimo huku wanalaumiana.

Lori lilifika saa tisa na nusu. Mifuko 300, ikaingia kwenye mfumo ikasoma 299 kwa sababu ile ya Jumamosi ilikuwa inadaiwa, nikairekebisha, mama akahesabu kwa macho yake stoo nzima kabla hajaniamini. Afu akaniomba ile karatasi ya delivari, nilidhani anataka upande wa mbele wenye risiti, kumbe anataka wa nyuma.

Juzi nimepita pale kununua misumari. Kaibandika ukutani pembeni ya kalenda, namba yote juu na zile tasa saba chini yake kwa mwandiko wangu mbaya. Mteja mmoja alikuwa anaiuliza ni kitu gani, na mama, bila hata kuinua macho kwenye kitabu cha madeni, akamjibu, "Hiyo ilikuwa stoku yetu ya simenti Jumatatu moja hivi."